Ngozi Inayobaki Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Kuitunza, Kuiondoa, na Wakati wa Kufanya Hivyo

Upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula humpunguza mtu kilo 30, 50, wakati mwingine zaidi ya 70, na sehemu kubwa ya uzito huo huondoka ndani ya mwaka mmoja na nusu. Ngozi iliyozifunika kilo hizo haiondoki nazo. Inabaki imening'inia chini ya kitovu, ndani ya mapaja, chini ya mikono, kifuani, mgongoni, matakoni, hata shingoni. Mara nyingi mgonjwa hudokezwa jambo hili kwa sentensi moja tu kabla ya upasuaji wa kwanza, na likishatokea anajikuta peke yake katikati ya matangazo ya krimu, mikanda ya jasho na ahadi za kila namna.

Suala hili hutatiza kwa sababu maswali manne huulizwa kana kwamba ni moja. Kwa nini ngozi hairudi? Nifanye nini nayo kwa sasa? Lini inaweza kuondolewa? Na kuondolewa kwenyewe kunaudai mwili kitu gani? Kila swali lina jibu lake, na majibu yana mfuatano. Anayerukia la mwisho bila kumaliza matatu ya kwanza ndiye anayeishia na jeraha lisilofunga. Msimamo wetu ni kwamba ubora wa upasuaji wa ngozi huamuliwa zaidi na miezi inayoutangulia kuliko saa chache za chumba cha upasuaji.

Kwa nini hairudi

Chini ya ngozi ya juu tunayoiona kuna tabaka nene lenye nyuzi za aina mbili: kolajeni, inayoipa ngozi uimara, na elastini, inayoirudisha ngozi mahali pake ikivutwa. Ngozi inapotanuliwa kwa miaka mingi, nyuzi hizo hukatika na kupoteza mpangilio. Michirizi ya tumboni na mapajani ni mahali ambapo tabaka hilo limechanika kwa ndani. Mtu mzima hatengenezi elastini mpya ya kutosha kuziba pengo hilo, na kolajeni inayobaki baada ya kupungua sana huwa nyembamba na dhaifu kuliko ya mtu ambaye hakuwahi kunenepa. Ndiyo maana hata baada ya kukatwa na kushonwa vizuri, ngozi ya aina hii hulegea tena kidogo. Daktari asiyelitaja hilo mapema hamtendei haki mgonjwa wake.

Kiasi cha ngozi kitakachobaki hutegemea kilo zilizoondoka, umri, miaka ambayo mwili ulikaa na uzito huo, ujauzito uliotangulia, jua, sigara, na urithi wa kifamilia. Kijana wa miaka 22 aliyepungua kilo 30 anaweza kubaki na ulegevu mdogo tu, ilhali mwenye miaka 50 aliyepungua kiasi hichohicho akabaki na mkunjo unaofunika kinena.

Krimu haifiki kwenye tabaka lenye nyuzi hizo. Hulainisha sehemu ya juu na kupunguza mwasho, basi. Mikanda ya jasho hutoa maji mwilini na kuloanisha mikunjo, jambo linaloleta fangasi. Vifaa vya kupasha ngozi joto kwa mawimbi ya redio huleta badiliko dogo kwenye ulegevu mdogo, lakini kwa mkunjo unaoshikika kwa mkono mzima havifui dafu. Mazoezi ya nguvu yana faida ya kweli: misuli ikikua hujaza sehemu ya nafasi iliyoachwa na mafuta kwenye mikono, mapaja na matako. Ila hayakazi ngozi, na kwa tumbo husaidia kidogo sana.

Kuna kipimo rahisi cha nyumbani. Simama wima, shika mkunjo wa tumbo kwa dole gumba na kidole cha shahada, uuvute mbele. Ukihisi kitu chembamba kama kitambaa kilichokunjwa mara mbili, hiyo ni ngozi tupu. Ukihisi unene wa sentimita kadhaa, bado kuna mafuta, na uzito ukiendelea kushuka umbo hilo litabadilika. Haifai kupanga upasuaji kwa umbo ambalo halijatulia.

Mikunjo haisubiri

Kati ya kupungua na kuondolewa ngozi hupita mwaka au zaidi, na wengine hawatafanyiwa upasuaji kabisa. Kwa hiyo utunzaji wa mikunjo ni kazi ya kila siku. Ngozi mbili zinaposuguana kwenye joto na jasho bila hewa, tabaka la juu hulowa, hulainika na kuchubuka. Hapo fangasi aina ya kandida hupata makazi.

Osha mikunjo mara moja au mbili kwa siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, bila kusugua kwa dodoki. Suuza vizuri, maana sabuni iliyobaki ndani ya mkunjo huwasha kama jasho lenyewe. Kisha kausha kwa kugandamiza taulo taratibu. Sehemu isiyofikika vizuri, inua mkunjo na upulize kwa mashine ya kukaushia nywele ikiwa kwenye hewa baridi. Hatua hii ya kukausha ndiyo yenye uzito kuliko dawa yoyote, na ndiyo inayorukwa na wengi asubuhi kwa haraka.

Baada ya hapo weka kitambaa chembamba cha pamba ndani ya mkunjo, kikiwa tabaka moja tu na ncha yake ikitokeza nje kwa sentimita chache. Ncha hiyo ina kazi: unyevu husafiri kwenye kitambaa na kukaukia nje. Kitambaa kilichofichwa chote ndani hugeuka kuwa tambara la maji. Badilisha kila kinapolowa. Pale panaposuguana sana, paka tabaka jembamba la krimu ya zinki oksaidi kama kinga. Poda tunazionea shaka: zikikutana na jasho jingi huwa mabonge yanayokwaruza.

Wekundu ukitokea, tazama kingo zake. Upele wenye vipele vidogo vilivyotapakaa pembeni mwa eneo kuu kwa kawaida ni kandida, na krimu ya klotrimazoli hupakwa mara 2 kwa siku kwa wiki 2 hadi 4, hata kama wekundu umepotea kabla ya hapo. Anayeacha siku ya tano kwa sababu mwasho umekwisha hurudiwa na tatizo lilelile mwezi unaofuata. Baka la rangi ya kahawia lenye magamba membamba, lisilowasha sana na lisilosikia dawa ya fangasi, huenda likawa maambukizi ya bakteria yanayohitaji antibayotiki. Daktari wa ngozi hulitambua kwa taa maalumu, kwa kuwa bakteria hao hung'aa rangi nyekundu ya matumbawe chini ya mwanga wake. Krimu za steroidi zisipakwe peke yake bila ushauri. Hutuliza mwasho, humlisha fangasi, na ngozi iliyo nyembamba tayari huzidi kuwa nyembamba.

Wekundu unaosambaa haraka, ngozi kuwa ya moto, ngumu na yenye maumivu, pamoja na homa au kutetemeka, hiyo si kazi ya krimu. Ni maambukizi ya tishu za chini ya ngozi, na hospitali ni siku hiyohiyo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Joto, uvimbe na maumivu ndizo dalili za kutegemea. Maambukizi yakijirudia mara kwa mara, pima sukari kwenye damu.

Mavazi nayo yana nafasi yake. Kaptura ndefu ya kubana inayofika karibu na goti hutenganisha mapaja kuliko sketi au suruali pana. Nguo ya ndani ya tumbo iwe na kiuno cha juu, na mshono wake usipite ndani ya mkunjo wa kinena. Ipimwe kwa mwili wa sasa: ya zamani hujikunja na kusugua, na iliyo ndogo kupita kiasi huminya mkunjo badala ya kuuinua.

Wakati huohuo weka kumbukumbu. Kila upele upigwe picha yenye tarehe, na kila matibabu yaandikwe na daktari kwenye faili. Bima nyingi hulipia tu upasuaji wenye sababu ya kiafya, na kinachotakiwa kwa kawaida ni ushahidi kwamba mkunjo unashuka chini ya mfupa wa kinena, na kwamba vipele vimetibiwa kwa miezi kadhaa bila kupona. Neno la mgonjwa bila maandishi hushindwa hapo.

Lini

Jibu linalokubalika kwa upana ni miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, uzito ukiwa umetulia kwa miezi 3 hadi 6. Kutulia maana yake ni kupanda na kushuka kwa kilo 2 au 3 tu. Ngozi ikikatwa wakati mtu bado atapungua kilo 10, ulegevu mpya utajitokeza juu ya kovu jipya. Akinenepa tena, kovu hutanuka na umbo huharibika. Zaidi ya hayo, mwili unaopungua kwa kasi uko kwenye upungufu wa lishe, na kidonda hakifungi kwa upungufu.

Uwiano wa uzito na urefu, BMI, ukiwa chini ya 30 matokeo huwa mazuri zaidi na hatari ndogo zaidi. Kati ya 30 na 35 upasuaji hufanyika kwa wengi, kwa tahadhari. Juu ya 35 matatizo ya jeraha huongezeka waziwazi. Wapo wanaotolewa kwenye kanuni hii, na ni haki watolewe: mtu ambaye mkunjo wa tumbo lake umefika katikati ya mapaja, unaomletea maambukizi mfululizo na kumzuia kutembea, anaweza kukatwa mkunjo huo hata akiwa na BMI kubwa. Lengo hapo ni kutembea na kuoga, umbo ni la baadaye.

Mwanamke anayetarajia kuzaa ni bora amalize kwanza, kwa sababu ujauzito utatanua tena misuli na ngozi vilivyokazwa. Si kwamba ni hatari kwa mtoto. Ni kwamba kazi itarudiwa.

Damu, protini na nikotini

Hapa ndipo wagonjwa waliopunguzwa tumbo wanapotofautiana na mtu mwingine yeyote anayefanyiwa upasuaji wa ngozi, na hapa ndipo mambo mengi huharibikia. Tumbo dogo halipokei chakula kingi. Kwa wale ambao upasuaji wao uliunga utumbo upya, chakula huiruka sehemu ya kwanza ya utumbo inayofyonza madini chuma. Mtu anaweza kuonekana mzima, mwenye furaha na umbo jipya, huku akiba yake ya chuma ikiwa imekauka.

Vipimo vifanyike miezi 2 au 3 kabla, ili pawe na muda wa kurekebisha: wingi wa damu, feritini (akiba ya chuma), albumini (protini ya damu), vitamini B12, foleti, vitamini D, vitamini A na zinki, pamoja na kipimo cha wastani wa sukari ya miezi iliyopita (HbA1c) kwa wenye kisukari. Chuma kikiwa chini, vidonge mara nyingi havitoshi kwa aliyeungwa utumbo, kwa sababu mahali pa kukifyonza pamerukwa. Chuma cha kuingizwa kwenye mshipa hutatua ndani ya wiki chache. Kupuuza hilo kabla ya upasuaji wa kuzunguka kiuno kizima, ambao humwaga damu si haba, ni kutafuta kuongezewa damu. Anayetapika mara kwa mara asipangiwe tarehe kabisa hadi sababu ijulikane, kwa kuwa kutapika kwa wiki kadhaa humaliza thiamini (vitamini B1), na upungufu wake hudhuru neva na ubongo.

Protini ndiyo malighafi ya kovu. Kiwango cha kawaida baada ya kupunguzwa tumbo ni gramu 60 hadi 80 kwa siku. Kuelekea upasuaji wa ngozi na baada yake, lengo linaweza kupandishwa hadi karibu gramu 1.5 kwa kila kilo ya uzito unaofaa kwa urefu wa mtu. Mwenye uzito unaofaa wa kilo 65 atahitaji gramu 98 hivi. Hakuna tumbo dogo litakalobeba hizo kwa milo miwili, kwa hiyo zigawanywe mara 4 au 5, gramu 20 hadi 25 kila mara. Mayai 3 hutoa takriban gramu 18, gramu 100 za kifua cha kuku kilichopikwa takriban 30, glasi ya maziwa takriban 8. Pengo hujazwa na unga wa protini. Anza wiki 4 hadi 6 kabla. Kuanza wiki ya upasuaji ni kuchelewa.

Nikotini iachwe angalau wiki 4 kabla na wiki 4 baada, na madaktari wengi hudai 6. Hapa hatuzungumzii moshi peke yake. Sigara za umeme, bandiko na ubani wa nikotini vyote hubana mishipa midogo. Ngozi ya tumbo ikishainuliwa kutoka kwenye misuli na kuvutwa chini, ukingo wake wa katikati, juu kidogo ya kinena, huishi kwa damu inayosafiri kutoka mbali kupitia mishipa hiyohiyo midogo. Ikibanwa, ukingo huwa wa zambarau, kisha mweusi, kisha hufa. Kidonda hicho huchukua wiki nyingi kufunga. Wapo madaktari wanaopima mkojo kuhakikisha, na mgonjwa asilione hilo kuwa ni kutoaminiwa.

Dawa zote zitajwe kwa daktari na kwa mtaalamu wa nusukaputi: za kuzuia damu kuganda, homoni zenye estrojeni, virutubisho vya mitishamba, na sindano za kupunguza hamu ya kula, ambazo huchelewesha chakula kutoka tumboni na kuongeza hatari ya kupaliwa usingizini. Aliyeungwa utumbo aseme wazi kwamba hatakiwi kupewa ibuprofeni, diklofenaki na jamii yake, kwa kuwa husababisha vidonda kwenye kiungo cha tumbo na utumbo. Daktari wa upasuaji wa ngozi ambaye hakumfanyia upasuaji wa kwanza anaweza kuziandika kwa mazoea.

Tumbo: upasuaji aina mbili zinazochanganywa

Wa kwanza ni kukata mkunjo. Ngozi na mafuta yanayoning'inia chini ya kitovu hukatwa kwa mlalo na kingo kuunganishwa. Misuli haiguswi, ngozi ya juu ya kitovu haikazwi, na wakati mwingine kitovu chenyewe huondolewa. Huu ndio ambao bima huufikiria, na kazi yake ni kuondoa mzigo na vipele. Mgonjwa anayetarajia tumbo bapa atasikitika, kwa sababu sehemu ya juu itabaki kama ilivyo.

Wa pili ni kurekebisha ukuta wa tumbo. Ngozi huinuliwa hadi karibu na mbavu, misuli miwili ya katikati iliyoachana huvutwa pamoja kwa mshono wa ndani, ngozi hushushwa, ziada hukatwa, na kitovu hutolewa kupitia tundu jipya. Kwa aliyepungua sana kuna ziada ya upana pia, ambayo mkato wa mlalo hauwezi kuiondoa. Hapo huongezwa mkato wa wima kutoka chini ya kifua hadi kinena, na kovu huwa na umbo la nanga. Ulegevu ukizunguka mgongoni na matakoni, mkato huzunguka kiuno chote. Upasuaji huo huinua matako na mapaja ya nje kwa mkupuo, ila huchukua saa nyingi na humlazimu mgonjwa kugeuzwa akiwa usingizini.

Kabla ya chochote, ngiri itafutwe kwa mkono na kwa picha, hasa kuzunguka kitovu na kwenye makovu ya zamani. Utumbo uliofichwa ndani ya mkunjo unaweza kukatwa na mtu asiyejua kwamba upo. Kovu refu la zamani chini ya mbavu za kulia, la kutolewa mfuko wa nyongo kwa njia ya wazi, nalo litajwe. Limekwisha kata njia ya damu ya upande huo, na ngozi iliyo chini yake inaweza kufa ikiinuliwa sana. Kunyonya mafuta peke yake kwa mtu mwenye ngozi tupu ni kosa, kwa kuwa hutoa kilichokuwa kimejaza na kuacha mfuko uliolegea zaidi.

Mikono hukatwa kwa urefu, kutoka kwapani hadi karibu na kiwiko, na kovu huonekana ukivaa nguo ya mikono mifupi. Pana neva nyembamba ya hisia ipitayo ndani ya mkono, na ikiguswa sehemu ya mkono wa chini hufa ganzi. Mapaja huhitaji mkato wa wima upande wa ndani. Ndiyo sehemu yenye jeraha gumu kuliko zote, kwa sababu iko karibu na kinena, inatembea, na ina unyevu. Uvimbe wa maji ya limfu miguuni unaweza kukaa miezi. Matiti huinuliwa, na tishu yenyewe ikikunjwa chini ya chuchu inaweza kurudisha ujazo bila kipandikizi. Kwa wanaume, kifua huhitaji kukatwa ngozi na mara nyingi kuhamishwa chuchu. Uso na shingo huachwa mwisho.

Mistari ya kukata huchorwa mgonjwa akiwa amesimama, kwa sababu akilala ngozi yote huhamia pembeni na vipimo hudanganya. Sehemu mbili zinaweza kufanywa siku moja, tatu kwa nadra. Kadiri saa zinavyoongezeka, hasa zikizidi 6, hatari ya damu kuganda, baridi mwilini na kupoteza damu hupanda. Awamu hutenganishwa kwa miezi 3 hadi 6, na kiwiliwili cha chini hutangulia, kwa kuwa kukikaza hubadilisha hali ya mapaja na kiuno.

Yanayoharibika, na sababu zake

Matatizo madogo ya jeraha ni ya kawaida kwa kundi hili la wagonjwa kuliko kwa mtu asiyewahi kunenepa. Linaloongoza tumboni ni majimaji kujikusanya. Ngozi ilipotenganishwa na misuli palibaki uwazi, na mishipa ya limfu iliyokatwa inamwaga humo. Ukigonga upande mmoja na kuona wimbi likienda upande mwingine, hayo ndiyo majimaji. Madaktari huyazuia kwa kuacha tabaka jembamba la ndani juu ya misuli, kwa mishono mingi inayobandika ngozi chini, na kwa mirija inayoyatoa nje hadi kwenye chupa. Yakijikusanya hufyonzwa kwa sindano kila baada ya siku chache. Yakiachwa hujijengea ukuta, na ukuta huo huhitaji kukatwa.

Jeraha kufumuka hutokea pale mvutano ulipo mkubwa: katikati ya kinena, makutano ya mkato wa mlalo na wa wima, mgongoni juu ya matako, ndani ya paja. Nafasi ya sentimita 1 au 2 kwa kawaida hufungwa kwa kubadilishwa bandeji na kupewa muda, bila kushonwa tena.

La kuogopwa ni bonge la damu kwenye mshipa wa mguu linalosafiri hadi mapafuni. Unene, kulala muda mrefu, upasuaji mrefu na tumbo lililokazwa vyote huchangia. Kwa hiyo mgonjwa hutembezwa siku hiyohiyo, huvikwa soksi au mashine ya kuminya miguu, na mwenye hatari kubwa hupewa sindano ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kukatika ghafla na kifua kuchoma, ni dharura hata kama ni usiku wa manane.

Wiki sita

Aliyekazwa tumbo hulala chali akiwa ameinuliwa mgongo na magoti yamekunjwa, na hutembea ameinama kidogo kwa wiki 1 hadi 2. Kujinyoosha mapema ni kuvuta mshono. Mirija hukamuliwa kwa vidole kuelekea kwenye chupa, majimaji hupimwa kwa mililita na kuandikwa kila saa 24. Mirija hutolewa majimaji yanaposhuka chini ya mililita 30 kwa siku. Kuitoa kwa sababu imechosha, ikiwa bado inatoa 80, ni kukaribisha sindano za kufyonza.

Vazi la kubana huvaliwa usiku na mchana kwa takriban wiki 6, hutolewa wakati wa kuoga tu. Lishike ngozi bila kuacha mfereji. Mkunjo wa vazi unaozama tumboni unaweza kukata damu palepale panapoihitaji. Usinyanyue kitu cha zaidi ya kilo 5 kwa wiki 6, mtoto mdogo akiwemo, kwa hiyo msaidizi wa nyumbani apangwe mapema. Kunywa maji kwa mafunda madogo mchana kutwa, maana tumbo dogo haliwezi kufidia glasi tatu kwa mpigo. Dawa za maumivu zenye opioidi hufunga choo, na kukaza tumbo chooni huvuta mshono wa misuli. Dawa ya kulainisha choo ianze siku ya kwanza.

Jeraha likishafunga kabisa, kwa kawaida baada ya wiki 2 au 3, bandiko la silikoni huanza: angalau saa 12 kwa siku kwa miezi 2 au 3. Kovu litakuwa jekundu au jeusi na gumu zaidi kati ya mwezi wa pili na wa nne, wakati ambapo wengi hukata tamaa, kisha hulainika polepole hadi miezi 12 au 18. Mwenye historia ya keloidi, yaani kovu linalovimba kupita mipaka ya jeraha, aseme kabla ya mkato wa kwanza, na kovu livimbe lisivimbe, achunguzwe mapema, kwa sababu sindano ya steroidi hufanya kazi vizuri zaidi kovu likiwa changa. Ganzi chini ya kitovu hupungua kwa miezi, na sehemu ndogo yaweza kubaki daima. Asiweke chupa ya maji ya moto hapo, ataungua bila kuhisi.

Ncha za kovu zilizotokeza, kitovu kilichokaa pembeni, au ulegevu uliorudi mapajani husubiri angalau mwaka mmoja kabla ya kuguswa tena. Ncha hurekebishwa kwa ganzi ya sehemu tu, bila nusukaputi, na mgonjwa huenda nyumbani siku hiyohiyo. Ulegevu uliorudi ni suala jingine. Ukikatwa tena ngozi hiyohiyo dhaifu ndiyo itakayoshonwa, kwa hiyo daktari aonyeshe kwa vidole, mgonjwa akiwa amesimama mbele ya kioo, ni sentimita ngapi hasa zitaondoka, kisha waamue pamoja kama zinatosha kulala mezani kwa mara nyingine.